Historia ya Sauti za Kuazima

Mwanadamu amejaliwa masikio yanayotambua kabla akili haijajua. Mama hukitambua kilio cha mwanawe katikati ya vilio vya watoto kumi, wala hawezi kueleza amekitambuaje. Kwa kipawa hicho hicho, mtu asiyejua muziki husikia fidla inayotoka katika kompyuta akasema, "Hii si fidla," wala asiweze kuonyesha kosa liko wapi. Insha hii inataka kulitafuta kosa hilo. Nimechagua kulitafuta kwa njia ya historia, maana kila fundi aliyejaribu kuiga ala kwa mashine alisahihisha kosa moja la aliyemtangulia, na katika kusahihisha akafichua kosa jingine lililokuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza.

Kilichonisukuma kuandika ni tukio dogo. Miaka michache iliyopita nilitaka kurekodi utenzi kwa ajili ya wanafunzi wangu, usomwe kwa sauti ya mtu mmoja na kusindikizwa kwa fidla za mbali. Fedha za kuwaita wapigaji sikuwa nazo. Nilikuwa na kompyuta, kinanda kidogo, na maktaba ya sampuli, yaani mkusanyo wa sauti za ala za kweli zilizorekodiwa noti moja moja ili mtu mwingine azipange apendavyo. Nilikesha usiku nne chumbani mwangu. Nilipomaliza nilimwalika mzee mmoja, jirani yangu, aliyepiga fidla katika vikundi vya taarabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, upinde wa bwana huyu una urefu gani?" Sikumfahamu. Akanieleza kwamba upinde una ncha mbili, na ukifika mwisho sharti urudi, na katika kurudi sauti hubadilika hata kama mpigaji hataki. "Huyu wako," alisema, "ameanza kuvuta tangu ubeti wa kwanza, na mpaka sasa hajarudi." Niliona haya, lakini nilifaidika. Naamini historia nzima ya sauti hizi imo ndani ya swali lile.

Tamaa ya kuzikusanya ala zote chini ya vidole vya mtu mmoja ni ya kale. Vinanda vikubwa vya mabomba katika makanisa ya Ulaya vilipewa, tangu karne nyingi, safu za mabomba zilizoitwa kwa majina ya tarumbeta, filimbi, na hata sauti ya binadamu. Mafundi wale waliiga kwa kubuni; walitengeneza bomba lililokaribia sauti fulani wakaridhika. Mwaka 1877 Thomas Edison alitengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kuihifadhi sauti na kuirudia. Tangu hapo haikuwa lazima kuibuni sauti ya ala, iliwezekana kuiazima. Si wote waliofurahi. Mwaka 1906 John Philip Sousa, mtunzi na kiongozi wa bendi huko Marekani, aliandika makala ya kuonya kwamba muziki wa mashine utawafanya watu waache kujifunza ala. Walakini chombo cha Edison kilikuwa na mpaka wake: kiliurudia wimbo ulioimbwa, lakini hakikuweza kuimba wimbo mpya. Ili kiimbe wimbo mpya ilipasa wimbo ukatwe vipande, kila noti ihifadhiwe peke yake, na mtu apewe namna ya kuziita noti hizo kwa mpangilio wake.

Aliyefanya hivyo kwa mafanikio ya kwanza alikuwa Harry Chamberlin wa California. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kujenga kinanda ambacho chini ya kila kibao palikuwa na utepe wake wa sauti. Kibao kikibonyezwa, utepe ulianza kupita juu ya kichwa cha kusomea. Kikiachwa, utepe ulirudishwa mwanzo. Noti zilizokuwamo zilipigwa na wanamuziki wa kweli, baadhi yao wakiwa wa okestra ya Lawrence Welk iliyojulikana sana Marekani wakati huo. Hapakuwa na hesabu wala ubunifu wa sauti. Palikuwa na watu waliokaa mbele ya maikrofoni, wakapiga noti moja, wakanyamaza, wakapiga nyingine.

Mwaka 1962 Bill Fransen, aliyekuwa akimuuzia Chamberlin vinanda vyake, alivichukua viwili mpaka Uingereza, akatafuta kiwanda cha kuviboresha. Alikipata Birmingham kwa ndugu watatu wa ukoo wa Bradley, ambao mwanzoni hawakujua kwamba mvumbuzi wa kweli alikuwa mtu mwingine ng'ambo ya bahari. Mwaka 1963 kikatoka kinanda kilichoitwa Mellotron. Chama cha wanamuziki wa Uingereza kiliingiwa na wasiwasi, na kilikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu hapa palikuwa na okestra isiyodai mshahara wala nauli. Lakini masikio ya watu hayakudanganyika upesi. Kila utepe ulikuwa na urefu wa takriban sekunde nane, na baada ya hapo sauti ilikatika. Tepe zilitetemeka kidogo. Fidla zilisikika kama zimetoka katika ndoto. Mwaka 1967 kundi la Beatles lilipotoa wimbo wao "Strawberry Fields Forever", filimbi zilizosikika mwanzoni zilikuwa za Mellotron, na msikilizaji hakuzipenda kwa kuwa zilifanana na filimbi za kweli, bali kwa kuwa zilifanana na kumbukumbu ya filimbi.

Hata hivyo vinanda vile vya tepe vilikuwa na jambo moja ambalo vinanda vingi vya umeme vya wakati ule havikuwa nalo. Kila noti ilikuwa na mwanzo wake wa kweli, maana utepe ulirudi mwanzo kila kibao kilipoachwa. Na kila kibao kilikuwa na sauti yake yenyewe. Umuhimu wa mambo haya mawili ulionekana wazi kwa majaribio ya wataalamu. Mwaka 1948, mjini Paris, Pierre Schaeffer alirekodi kengele akaondoa ule mgongo wa mwanzo. Sauti iliyobaki haikuwa kengele tena. Ilifanana na ala ya kupuliza. Ikadhihirika kwamba sikio huitambua ala kwa kishindo cha kuzaliwa kwa sauti, kabla haijatulia. Katikati ya miaka ya 1960, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Jean-Claude Risset aliichunguza tarumbeta kwa kompyuta, akaona kwamba inapopigwa kwa nguvu haizidi ukubwa tu, bali hung'aa. Zile sauti ndogo za juu zilizomo ndani yake huongezeka kuliko zile za chini. Maana yake ni hii: ukiichukua noti iliyopulizwa kwa upole ukaikuza mpaka ijaze chumba, hutapata tarumbeta yenye nguvu. Utapata tarumbeta ya upole iliyosogezwa karibu na sikio. Ni kama mtu anayenong'ona katika kipaza sauti: twamsikia sana, lakini hatudhani kwamba anapiga kelele.

Ilipokuja zama ya tarakimu, mafundi waliyasahau mafunzo haya kwa muda, si kwa ujinga bali kwa ufukara wa kumbukumbu za mashine. Mwaka 1979, mjini Sydney, Peter Vogel na Kim Ryrie walitoa kompyuta ya muziki iliyoitwa Fairlight. Nia yao ya kwanza ilikuwa kuziunda sauti za ala kwa hesabu. Hesabu zilipowashinda, Vogel alinasa kipande kifupi cha kinanda kutoka redioni, kadiri ya sekunde moja, akakipiga kwa vidatu mbalimbali, yaani juu na chini, akaona kwamba kipande hicho cha kuazima kina uhai kuliko vyote walivyounda. Chombo hicho kiliuzwa Uingereza kwa takriban paundi 18,000, bei iliyowafaa matajiri wachache. Mwaka 1981 kampuni ya E-mu ya California ilitoa chombo chake kilichoitwa Emulator, kilichoweza kuhifadhi sauti ya sekunde mbili hivi. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu ya lugha moja ya mashine, iitwayo MIDI, ambayo kwayo nguvu ya kidole hupimwa kwa ngazi 127. Mwaka 1984 Ray Kurzweil, aliyehimizwa na mazungumzo yake na mwanamuziki Stevie Wonder, alitoa kinanda kilichosifiwa kwa sauti yake ya piano. Mwaka 1988 Akai ya Japani ilitoa S1000, na chombo cha namna hiyo kikaingia katika studio za kawaida duniani.

Tuyatazame sasa makosa ya zama ile, maana ndiyo yale yale yanayomsumbua hata leo mtu anayerekodi nyumbani. La kwanza ni kuinyoosha noti. Kwa kuwa kumbukumbu ilikuwa ndogo, noti moja ya fidla ilitandazwa juu ya vibao vingi. Noti ikipandishwa kwa oktava moja, muda wake hupungua nusu, na mtetemo wa kidole cha mpigaji huwa wa haraka maradufu. Zaidi ya hayo, mbao za fidla hazisinyai mpigaji anapopanda juu. Mwili wa ala hubaki ule ule. Mashine iliupandisha na mwili pia, ikawa kana kwamba fidla imegeuka kuwa fidla ya mtoto. La pili ni kuizungusha noti. Ili sekunde moja itoshe dakika nzima, fundi aliikata sehemu ya katikati akaifanya iende na kurudi bila kikomo. Hapo ndipo ulipozaliwa upinde usio na mwisho ambao mzee wangu aliuulizia. La tatu ni kuirudia noti. Mpiga ngoma akipiga mara nane, hupiga mapigo nane tofauti, hata kama anajitahidi yafanane. Mashine ilirudia pigo moja mara nane, na sikio likasikia bunduki ya rashasha.

Haikuwa ajabu basi kwamba ala iliyoigwa vizuri mapema ilikuwa piano. Katika piano nyundo hupiga uzi kisha huondoka, na baada ya hapo mpigaji hana mengi ya kufanya isipokuwa kungoja au kuinua kidole. Maisha ya noti huamuliwa yote wakati wa kuzaliwa kwake, na kwa hiyo ukimrekodi aliyepiga kwa upole, kwa wastani na kwa nguvu, umekwisha kupata sehemu kubwa ya siri. Fidla na filimbi si hivyo. Huko noti hulelewa tangu kuzaliwa mpaka kufa. Pumzi huiongeza na kuipunguza, upinde huikaza na kuilegeza, na mpigaji anaweza kubadili nia yake katikati.

Sisi tunaofundisha lugha tuna mfano wa karibu wa jambo hili. Mtu akirekodi herufi zote za Kiswahili moja moja, *b* peke yake na *a* peke yake, kisha akaziunganisha ili zitamke neno *baba*, hatapata neno. Atapata milio. Sikio halitambui *b* kwa *b* yenyewe, ambayo ni kama kimya. Huitambua kwa jinsi irabu inayofuata inavyoanza, midomo ikiwa bado inafunguka. Konsonanti imo katika njia ya kuelekea irabu. Na muziki ni hivyo hivyo. Wimbo haumo katika noti tu. Umo pia katika mapito baina ya noti na noti, pale ambapo kidole kimekwisha kuondoka hapa lakini hakijatulia kule. Mafundi walikuwa wamezirekodi nyumba zote za mji wakasahau kurekodi njia zake.

Njia zilianza kurekodiwa baada ya mlango mmoja kufunguliwa. Mwaka 1998 kampuni ya NemeSys ya Marekani ilitoa programu iliyoitwa Gigasampler. Ujanja wake ulikuwa rahisi kueleza: mwanzo wa kila sauti uliwekwa katika kumbukumbu ya haraka ya kompyuta, na wakati sikio linausikia mwanzo huo, sehemu iliyobaki ilikuwa ikivutwa kutoka katika diski. Kwa hiyo hapakuwa tena na haja ya kuizungusha noti. Fidla iliweza kuvutwa mpaka mwisho wa upinde, kama ilivyovutwa mbele ya maikrofoni.

Mwaka 2000, mjini Vienna, Herb Tucmandl, mpigaji wa selo, alianzisha kampuni ya Vienna Symphonic Library, ikajenga ukumbi wa kurekodia uliotengwa na makelele ya nje. Yeye aliijua ala kwa mikono yake, na hakutosheka na noti zilizokaa. Aliwataka wapigaji wapige noti mbili mbili, waunganishe ya kwanza na ya pili kwa upinde mmoja au pumzi moja, kisha pito lile likakatwa na kuhifadhiwa. Msomaji na aifanye hesabu. Tuseme ala ina noti 40, na kutoka kila noti mpigaji anaweza kwenda juu kwa hatua 12 na chini kwa hatua 12. Hapo pana mapito 960, ukiacha kuondoa yale yanayovuka mipaka ya ala. Mapito hayo yakipigwa kwa nguvu tatu mbalimbali, yanakaribia 3,000. Na hiyo ni ala moja, kwa mtindo mmoja wa kupiga. Kazi hiyo ilihitaji subira ya mhunzi. Lakini mtu alipobonyeza vibao viwili kwa kufuatana, kompyuta ilichagua pito lililofaa ikaliweka mahali pake, na kwa mara ya kwanza ala iliyohifadhiwa ilisikika kama inatembea badala ya kuruka.

Likabaki suala la chumba. Sauti haifiki sikioni peke yake. Hufika pamoja na kuta. Vienna walirekodi kwa ukavu, ili kila mtu aongeze baadaye mwangwi wa ukumbi autakao. Wengine walishika njia ya pili. Spitfire Audio, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2007, ilijulikana kwa kurekodi katika ukumbi wa Lyndhurst mjini London, uliokuwa kanisa hapo zamani, na wapigaji wakaketi mahali pale pale ambapo wangeketi kama okestra ingekuwa kamili. Kwa njia hiyo fidla ilikuwa kushoto na selo kulia kabla mtu hajagusa chochote, na mwangwi ulikuwa sehemu ya noti. Kila njia ina fadhila yake na gharama yake. Ile ya kwanza humpa mtu uhuru na kumwachia kazi. Ya pili humpunguzia kazi na kumfunga katika chumba kimoja.

Kutokana na historia hii, mtu aliye peke yake chumbani na kompyuta yake anaweza kujipatia mashauri bila ya kununua kitu kingine. Shauri la kwanza ni kuikubali mipaka ya mwili. Aandikaye kwa filimbi aache nafasi ya pumzi, na aandikaye kwa fidla ajiulize upinde utageukia wapi. Mashine haichoki, na ndiyo maana mtu hana budi kuichosha kwa makusudi. La pili ni kutoiacha noti ndefu bila malezi. Ngazi zile 127 za kidole hueleza mwanzo tu wa sauti. Kinachofuata hutawaliwa kwa gurudumu au kitelezi kilicho kando ya vibao, na mkono wa kushoto haupaswi kukaa bure wakati wa kulia unapiga. Noti ivimbe kidogo inapoelekea neno zito, na ipungue inapolipita. La tatu ni kuheshimu wakati wa kibinadamu. Kompyuta hupenda kuziweka noti zote juu ya mstari mmoja ulionyooka. Lakini fidla huchukua muda kuamka kuliko ngoma, kwa hiyo ikianzishwa pamoja na ngoma itasikika imechelewa. Na watu kumi hawaanzi kamwe katika nukta moja. La nne ni kuwaweka wote katika nyumba moja. Filimbi iliyorekodiwa pangoni na udi uliorekodiwa sandukuni havitakaa pamoja mpaka vipewe mwangwi mmoja. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: watu wawili wenye maktaba ile ile hutoa kazi zisizofanana hata kidogo, kwa kuwa mmoja amepika na mwingine amepakua mbichi.

Lakini yapo makosa ambayo mapishi hayayaondoi, kwa sababu hayamo jikoni bali shambani. Maktaba haiwezi kutoa ambacho hakikuwekwa ndani yake, na aliyechagua cha kuwekwa alikuwa na masikio ya mahali fulani. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumelionja jambo hili. Taarabu ya Unguja, ambayo Ikhwani Safaa waliipa chama mwaka 1905 na ambayo Siti binti Saad aliipeleka katika sahani za santuri kwa kurekodi Bombay mwaka 1928, ilikua ikawa muziki wa okestra kubwa zenye safu za fidla, kanuni, udi na selo. Katika miaka ya 1990 taarabu mpya ya vikundi kama East African Melody ilishika vinanda vya umeme, na kinanda kimoja kikafanya kazi ya safu nzima ya fidla. Wengi waliipenda, na raha yao haikuwa bandia. Ila kinanda hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali nyimbo zilizofuata makamu za Kiarabu zina sauti zinazokaa baina ya hatua hizo. Mpigaji wa kanuni huzipata kwa kugeuza vishikizo vidogo vilivyo kando ya nyuzi. Mpigaji wa fidla huzipata kwa kusogeza kidole. Viko vinanda vinavyoweza kurekebishwa zitoke, lakini mazoea ni mwalimu mkali, na sikio lililolelewa na vibao husahau taratibu kwamba baina ya kibao na kibao palikuwa na mahali pa kuishi.

Kuna na jambo la riziki. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka vinanda vya umeme vipigwe marufuku. Halikuwa siasa ya chama kizima, na wengi walilicheka. Mimi sioni la kucheka. Mtu aliyejifunza ala tangu utotoni hupiga noti zake zote kwa siku chache, hulipwa kwa mujibu wa mkataba wake, kisha noti zile hufanya kazi katika nyimbo asizozijua kwa miaka asiyoweza kuihesabu. Kwa upande mwingine, kijana asiye na okestra wala jamaa mwenye fedha leo anaweza kusikia alichokitunga, jambo ambalo zamani lilikuwa la wachache. Haki zote mbili ni za kweli. Atakayeitaja moja na kuinyamazia ya pili ameipunguza historia. Nadhani njia ya wastani ni kuitumia sampuli pale ambapo bila yake pangekuwa na kimya, na kumwita mpigaji pale ambapo anaweza kuitwa, hata kama ni mmoja tu.

Ndivyo nilivyofanya mwisho wa usiku zangu nne. Nilizigawa noti zangu ndefu, nikaupa kila upinde mwisho wake. Kazi ilipata nafuu, lakini haikupona. Nikamwomba mzee aje na fidla yake, nikamlipa nilichoweza, akapiga mstari mmoja juu ya fidla zangu za kuazima. Alikuwa akisikiliza utenzi unaposomwa, na pale msomaji alipovuta silabi ya mwisho wa ubeti, yeye aliivuta pamoja naye. Nilipozirudia sauti zote kwa pamoja, fidla zote zilionekana kama zimeamka. Sikio lilimfuata yule mmoja, likawasamehe wengine, au pengine likadhani kwamba na wao wanamsikiliza. Mafundi wengi wa studio wanaijua hila hii, kwamba ala moja ya kweli hufunika kumi za kuazima.

Mzee aliifunga fidla yake katika kitambaa, akauliza hawa wenzake wamekaa mji gani. Nikamwambia wako Ulaya, nami sijapata kuonana nao. Akafikiri kidogo. "Wanapiga vizuri sana," alisema. "Ila hawakuambiwa wimbo."